Maana ya nne

Ijumaa jioni, stima ikiwa imepotea ploti nzima, jirani yangu alibisha mlangoni akiwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hebu nisomee hapa. Huyu mama amesema nini?"

Ulikuwa ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mama ambaye jirani yangu humfulia nguo huko Lavington, mtaa wa wenye nazo. "You may not come Monday." Maneno matano, bila salamu. Mwishoni palikuwa na vile viganja viwili vilivyokutanishwa, ambavyo Nairobi tunavitumia kuomba, kushukuru, kutoa pole na kumaliza mazungumzo tusiyoyataka.

Nilifungua mdomo nimjibu.

Nikaufunga.

Hapa kwetu naitwa mwalimu kwa sababu niliwahi kufundisha tuisheni ya Kiingereza, na cheo cha aina hiyo kikishakuganda hakibanduki. Watu huniletea barua za shule, notisi za mwenye nyumba, karatasi za hospitali. Nasoma, nawaeleza, wanaenda zao. Safari hii nilisoma, nikarudia, nikamwuliza kama kulikuwa na ujumbe mwingine juu ya huo. Haukuwepo.

Yeye ni mama fua. Familia hiyo ya Lavington ndiyo kibarua chake cha uhakika. Siku nyingine huenda atakakoitwa, na asipoitwa hukaa. Jioni nyingine huhudhuria darasa la Kiingereza la watu wazima kanisani, na anajua zaidi ya anavyokubali.

"Maneno yote nayajua," alisema, kidole kikipita juu ya kioo cha simu neno kwa neno. "You najua. May tumefunzwa juzi. Not, come, Monday. Sasa mbona yakikaa pamoja siyajui?"

Swali hilo limenikalia kichwani wiki nyingi.

## "Not" inakanusha nini?

"May" aliyofunzwa juzi ni ile ya kuomba ruhusa. Mtoto amechelewa, amesimama mlangoni mwa darasa: "May I come in?" Ukiishika hiyo, ujumbe unasema huruhusiwi kuja Jumatatu. Ni marufuku.

Lakini kuna "may" nyingine, ile ya watabiri wa hali ya hewa wanaposema mvua huenda ikanyesha. Ukiishika hiyo, mama wa Lavington anakisia tu: huenda usije Jumatatu, tutaona. Na kuna ya tatu: una hiari ya kutokuja. Wenye sarufi kali wataikataa hii ya tatu. Watasema kazi hiyo Kiingereza kimeipa "need not". Wabaki na sarufi yao. Sisi hapa tumesema "it's not a must" tangu utotoni, na anayesema hivyo anaweza kabisa kuandika "may not" akiwa na maana ya si lazima.

Shida ni kale ka-"not". Kamekaa nyuma ya "may" na hakasemi kanakanusha nini. Kanakanusha ruhusa? Au kanakanusha kuja?

Kwa Kiswahili swali hilo halizuki, kwa sababu kikanushi lazima kipande juu ya kitenzi fulani na kila mtu akione kilipopanda. Huruhusiwi kuja: kiko kwenye ruhusa. Unaruhusiwa kutokuja: kimehamia kwenye safari yenyewe. Huenda usije: kimebaki huko huko kwenye kuja, na ruhusa haimo kabisa. Hata mtoto wa nasari hachanganyi hizo tatu.

Mzungumzaji wa Kiingereza akiwa mbele yako, sauti humwokoa. Atakaza neno moja na kulegeza jingine, atainua mabega, atatabasamu, nawe utajua. Kwenye simu hakuna sauti. Kuna viganja viwili tu.

(Sisemi Kiswahili ni maji matupu yasiyo na tope. Nairobi mtu huinuka kitini, akachukua koti, akakuambia "nakuja", kisha akatoka nje. Mgeni atatazama mlango asijue kama anaagwa au anapokelewa.)

## A, B, C au D

Nilimwambia ukweli: sentensi hii ina maana tatu, na kwa kuitazama peke yake siwezi kukuapia ni ipi.

Alinitazama kama mtu aliyeenda kupimwa akaambiwa huenda ni malaria, huenda ni taifodi, achague mwenyewe.

"Lakini iliyo sahihi ni gani?"

Hapo niliona shule yetu imesimama katikati ya chumba. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilianza 1985, ya mwisho ikafanywa 2023, na vizazi vizima vilijifunza Kiingereza vikiitazamia karatasi ya kuchagua: A, B, C, D, penseli, jibu moja. Sentensi yenye majibu mawili yaliyo sawa haikuwa na nafasi mle. Ukisoma swali ukaona B inakaa vizuri na D nayo inakaa vizuri, hukuwaza kwamba swali ndilo lina kasoro. Uliwaza kwamba kuna kitu wenzako wanakijua ambacho wewe ulikosa siku ile ulipotumwa nyumbani kuleta karo.

Mtu hutoka shuleni na imani hiyo na kutembea nayo maisha yake yote. Anaamini maana moja ipo, imewekwa mahali, na kwamba waliosoma wanaiona.

Jirani yangu alinionyesha na daftari lake. Ukurasa mmoja ulikuwa na mistari miwili iliyopigiwa mstari kwa wino mwekundu. "Must: lazima. Must not: si lazima." Ukilipima neno kwa neno, daftari halina kosa: must ni lazima, not ni si, jumlisha. Na bado ukiambiwa "you must not pay" ukasoma si lazima ulipe, unaweza kutoa hela ambazo umekatazwa kuzitoa. Kale ka-"not" tena. Safari hii kameruka kitenzi kinachokatangulia kakatua kwenye kinachofuata, wala hakuna alama ya kuonyesha kameruka.

Nikampa ushauri ambao yeyote angeutoa. Mwulize. Mwandikie umwambie hujaelewa.

"Nikimwuliza, atajua sijui."

Sikuwa na la kumjibu. Kwa Kiswahili, kumwuliza mtu "una maana gani?" ni jambo la kawaida, unaweza hata kumwuliza mkweo. Kwa Kiingereza, na kwa anayekulipa, swali hilo hilo linakupeleka nyuma ya darasa, na sisi tuliovalishwa disiki, kile kibao cha adhabu, shingoni kwa kuongea lugha za mama zetu tunapakumbuka pale nyuma.

"Kwani huyo mama hajui Kiswahili?"

"Anajua sana! Ni Mkenya. Tukiwa huko jikoni tunaongea Kiswahili mchana kutwa."

Mdomoni Kiswahili, kwenye simu Kiingereza. Hilo nililiweka kando kwanza.

## Juu ya paa, Croydon

Alipoondoka nilibaki nikitafuta kitu cha kumpa, mfano wa kumwonyesha kwamba hata waliozaliwa na lugha hiyo huangushwa nayo. Nilikumbuka kesi ya Derek Bentley.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, vijana wawili walipanda juu ya paa la ghala huko Croydon, kusini mwa London, wakitaka kuiba. Christopher Craig alikuwa na miaka 16, na bastola. Bentley alikuwa na miaka 19, na akili iliyopimwa ikaonekana ya mtoto mdogo. Askari mmoja akamshika Bentley. Kwa ushahidi wa polisi, hapo ndipo Bentley alipopaza sauti: "Let him have it, Chris."

Craig akafyatua risasi, akamjeruhi askari huyo begani. Baadaye kidogo, Bentley akiwa tayari mikononi mwa polisi, Craig akamwua askari mwingine, Sidney Miles.

Mpe mwanafunzi wa Kiingereza maneno hayo manne ya kwanza. Atayasoma moja moja, na atafika kwenye maana nzuri kabisa: mwachie aichukue. Yaani mpe askari hiyo bastola, yaishe. Sasa mpe mtu aliyelelewa na sinema za majambazi. Atasema: mmiminie risasi. Upande wa mashtaka uliisimamia hii ya pili. Wote wawili, Craig na Bentley, walikana kwamba maneno hayo yalitamkwa hata kidogo, kwa hiyo inawezekana watu walibishana miaka mingi juu ya maana ya sentensi ambayo haikuwahi kutoka kinywani mwa mtu.

Craig hakuweza kunyongwa kwa sababu ya umri wake. Alifungwa, akatoka 1963. Bentley, ambaye hakufyatua chochote, alinyongwa tarehe 28 Januari 1953. Mahakama ya Rufani ikaifuta hatia yake mwaka 1998, hasa kwa jinsi jaji alivyowaelekeza wazee wa baraza na kumnyima kesi ya haki.

Wala hatuwezi kuwacheka Waingereza kwa hilo. Watu wakizunguka ngumi hapa mtaani huimba "mpe, mpe, mpe," na hakuna anayedhani wanataka apewe maji.

Ila nilipotaka kumsimulia jirani yangu habari hii, nikaiona haimfai. Nilitaka kumwambia kwamba mashaka si ya wajinga peke yao. Lakini katika habari hiyo, aliyeumizwa zaidi na maneno yenye pande mbili ni yule aliyekuwa chini kuliko wote pale juu ya paa. Sikuona faraja yoyote hapo.

## Neno moja, mahakama nzima

Nikajaribu mfano wa nyumbani.

Katiba ya 2010 inasema kwamba wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa, zaidi ya theluthi mbili yao, "shall" wasiwe wa jinsia moja. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, Mwanasheria Mkuu alienda Mahakama ya Juu kuomba ushauri: hii ni amri ya kutekelezwa sasa hivi, au ni mwelekeo wa kufikiwa hatua kwa hatua? Tarehe 11 Desemba 2012, majaji walio wengi walisema ni hatua kwa hatua, na wakatoa muda hadi tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alitofautiana nao. Kwake yeye, amri ilikuwa amri.

Tarehe waliyotoa ilipita. Septemba 2020 Jaji Mkuu aliyemfuata, David Maraga, alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kuitunga sheria ya kulitimiza sharti hilo la jinsia. Halikuvunjwa.

Mimi nina maoni yangu kuhusu "shall" hiyo, na nadhani mwanamke yeyote aliyewahi kuambiwa "hatua kwa hatua" anaweza kuyakisia. Ila kilichonishika safari hii ni kwamba wasomi wakubwa wa sheria nchini walisoma sentensi moja ya Kiingereza, hawakukubaliana, na hakuna mtu aliyesema hawajui Kiingereza. Kutokubaliana kwao kuliitwa tafsiri ya katiba. Walipewa mawakili, muda na jengo zuri pale City Hall Way.

Jirani yangu alikuwa na bando inayoisha saa sita usiku.

## Langoni

Alichofanya ni cha akili kuliko ushauri wangu wote. Hakuuliza. Aliandika: "Ok madam. I come Tuesday at 8." Alitega sentensi ambayo ikiwa si kweli itabidi mwenzake aisahihishe, na ikiwa ni kweli haitamgharimu heshima yoyote. Darasa la kanisani halikumfunza hilo. Amelitoa kwenye miaka ya kufanya kazi katika nyumba za watu.

Jibu likaja. Kidole gumba kimesimama.

Tukakitazama wote wawili. "Na hiki sasa?" akauliza, tukacheka mpaka mtoto wake akaja kuona kuna nini.

Hata hivyo Jumatatu asubuhi alishuka kwa miguu hadi Lavington. Nilipomwuliza kwa nini, akaniambia kwamba kama amefutwa, afadhali ajulie langoni kuliko kukaa nyumbani akiwaza. Soja akamwambia familia imesafiri, imeenda Naivasha. Akarudi. Jumanne alifua kama kawaida, na hakuna aliyeutaja ujumbe ule.

Kwa hiyo ni maana ipi iliyokuwa sahihi? Nyumba ilifungwa, basi hakuruhusiwa kuingia. Pengine Ijumaa safari haikuwa ya uhakika, basi ilikuwa ni huenda. Na kwa kuwa hakukuwa na mtu, haikuwa lazima aje. Zote tatu zinakaa. Ningekuwa bado natunga mitihani ningelifuta swali hilo.

Lakini iliyomwamsha usiku haikuwamo katika hizo tatu.

Umefutwa. Hiyo ndiyo maana ya nne, na huwezi kuipata katika kamusi yoyote kwa sababu ni Nairobi iliyoiandika. Mama fua haambiwi kwamba kazi imeisha. Anaambiwa wiki hii usije, tuna wageni. Wiki ijayo anaambiwa tutakupigia. Baadaye simu inapokewa na mtoto, halafu haipokewi. Mtu aliyewahi kupita humo mara moja akisoma "you may not come", hahitaji kujua kama "not" imekanusha ruhusa au safari. Anasoma mwanzo wa kitu anachokijua.

Mimi nilikuwa nimekaa na sarufi mkononi, nikihesabu maana, na yeye alikuwa ananisubiri nifike kwenye ile aliyoishi nayo. Nilidhani amekuja kwa sababu ni mwanafunzi asiyeielewa lugha. Alikuwa ameielewa kupita kiasi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba mfanyakazi akipewa notisi ya kuachishwa kazi asiyoweza kuielewa, mwajiri ahakikishe ameelezwa kwa mdomo katika lugha anayoielewa. Ni kifungu kizuri, nami nakipenda. Kimemfikiria mtu asiyejua lugha, na kimefikiria kwamba notisi itaitwa notisi. Jirani yangu lugha alikuwa anaijua, na ujumbe ule haukuwa notisi ya kitu chochote, isipokuwa kama ungegeuka kuwa hivyo.

## Pumzika

Nililirudia lile nililokuwa nimeliweka kando. Kwa nini mama wa Lavington, anayeongea Kiswahili mchana kutwa jikoni, alihamia Kiingereza alipofika kwenye simu?

Sikumjua wa kumwuliza, basi nikamwuliza rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo, anayeishi South B na ana mama fua wake. Tulikuwa tunakunywa chai. Nikamsomea sentensi ile.

"Hata mimi ningeandika hivyo hivyo," akasema bila kufikiria.

"Kwa nini usiandike kwa Kiswahili?"

"Niandike nini? 'Usije Jumatatu'? Aki ya nani, si atadhani namfukuza! Kiingereza kinapoza."

Kinapoza, sikatai. Ila aliyepozwa ni aliyeandika. Yeye hulala vizuri akijua hakutumia neno kali, na aliyepokea ndiye anayekesha akilitafuta neno lilikojificha. Nikamwambia Kiswahili hakijakosa maneno ya kupoza. Nikachukua simu yangu nikamwandikia, nikamgeuzia aone: Jumatatu pumzika, tuonane Jumanne.

Akasoma. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Ukimwambia pumzika, atajua siku hiyo namlipa."

"Kwani humlipi?"

"Analipwa akifua."

Alikuwa na haki. Neno langu zuri, nililolichomoa kwa majivuno, lilikuwa na tundu lake, na tundu lenyewe lilikuwa la pesa, mahali ambapo mama fua angelitazama kwanza.

"Basi iandike hiyo," nikamwambia. "Jumatatu usije, hakutakuwa na kazi, na siku hiyo hakuna malipo. Jumanne njoo."

Alitoa simu yake ajaribu. Akaandika mstari, akaufuta. Akaandika mwingine, akausoma kwa sauti ya chini, akaufuta huo nao.

"Kwa Kiswahili nasikika mbaya sana," akasema, na kidole chake kikaenda kubadilisha kibodi iwe ya Kiingereza.